Tepe Themanini na Tatu za Bluu

Asubuhi ya tarehe ishirini na nane Desemba, Chizuru alibandika utepe wa bluu wa themanini na tatu kwenye shajara yake, akausugua kwa ukucha mpaka ukalala vizuri, kisha akasema kwa sauti, peke yake jikoni:

"Huu ndio wa mwisho. Nikibandika mwingine, mniite mjinga mbele za watu."

Watu wenyewe hawakuwapo. Kulikuwa na jokofu, lililovishwa mistari ya kijani na ya njano kama linakwenda sherehe. Kulikuwa na mitungi ya maharage na mwani, kila mmoja na kipande chake cha utepe wa karatasi na tarehe ya kufunguliwa. Swichi ya taa ilizungukwa na maua. Ufa wa kigae juu ya sinki ulizibwa kwa utepe wenye picha za kware, wakitembea mstari mmoja kama wanafunzi. Miaka kumi na mitatu Chizuru alikuwa akifanya kazi chumba cha kukatia katika kiwanda cha tepe pale Kurashiki, na roli zilizokatika kombo zilikuwa halali ya wafanyakazi. Wenzake waliziona takataka. Yeye alizipeleka nyumbani, na nyumba ikachangamka.

Ila bluu. Bluu ilikuwa na kazi moja tu.

Kila Kaname, mpenzi wake, aliposema "mwezi ujao nitazungumza na mama," Chizuru alirudi nyumbani, akayaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, tarehe, saa na mahali, halafu akayafunika kwa utepe wa bluu. Aliyafunika, hakuyafuta. Wapo watu wanaosema sahau, yaishe. Hao Mungu wao amewapa kifua cha kapu, kila kitu kinavuja. Cha Chizuru kilikuwa cha mtungi. Shajara saba, miaka saba, miezi themanini na minne, na mwezi mmoja tu uliokosa bluu: ule ambao Kaname alilazwa kwa kidole tumbo. Na hata huo, Chizuru aliamini kwamba angeahidi kama asingekuwa amelazwa kwa dawa ya usingizi.

Waliosema subira huvuta heri hawakusema inaivuta kwa kamba ya urefu gani.

Leo kamba imekatika, na sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni meneja Hirukawa. Kiwanda kinafungua duka Kanazawa, mji wa mbali, na anatafutwa mtu wa kwenda kuliendesha na kuwafundisha wateja kazi za mikono. "Nataka wewe," Hirukawa alimwambia. "Lakini nijibu kabla ya saa kumi jioni tarehe ishirini na nane, tunafunga ofisi ya mwaka. Nisiposikia, nampa mwingine."

Ya pili ilikuwa simu ya jana. Mama yake Kaname, Bi Fusae, alipiga mwenyewe.

"Nimevunjika kifundo cha mkono," alisema bila hata salamu ndefu. "Nilipanda kigoda nifute vumbi juu ya kabati. Kaname yuko nyumba ya watu anamalizia rangi mpaka kesho mchana. Milango yangu ya karatasi haiwezi kuingia mwaka mpya na matundu. Nasikia wewe una mikono."

"Ninayo, mama."

"Basi ilete."

Miaka saba, na nyumba ile ameingia mara nne. Mara zote nne Kaname alisimama mlangoni akijikuna shingo: "Mama, huyu ni Chizuru, wa kiwandani, ananipatia tepe za kazi." Wa kiwandani! Kama mzigo.

Alizifunga zile shajara saba ndani ya kitambaa kikubwa cha zambarau, akakaza fundo, akaondoka na furushi lake. Mpango ulikuwa mfupi. Kumsaidia mama mtu mwenye mkono mbovu, maana kumkatalia ni aibu. Kumsubiri Kaname. Kumtupia shajara zote mapajani na kumuuliza swali moja. Kisha kumpigia Hirukawa, liwe litakalokuwa.

*

"Usivute kwa hasira," alisema Bi Fusae.

"Sina hasira, mama."

"Karatasi imeniambia vingine."

Milango sita ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani uani, kwenye jua la baridi. Chizuru aliilowesha kwa sponji, gundi ya wanga ikalegea, na karatasi kuukuu ilipaswa kutoka ikiwa nzima. Yake ilitoka vipande vipande. Bi Fusae alikaa kwenye kizingiti, mkono wenye plasta ngumu umening'inizwa shingoni kwa leso, mkono wa kushoto ukiamrisha. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya mshonaji wa miaka arobaini, yale yanayoona uzi uliopinda kutoka upande wa pili wa barabara.

Chizuru alimwangalia kwa pembe ya jicho. *Huyu ndiye*, aliwaza. Huyu ndiye aliyesema mwanamke amemzidi mwanangu miaka miwili. Huyu ndiye aliyesema mikono ya kiwandani haiwezi kushika nyumba. Na Mei mwaka huu, huyu ndiye aliyeitupa ile bahasha.

Bahasha ile bado ilimchoma. Shiho, binamu yake Kaname, alikuwa anaolewa, na Kaname mwenyewe ndiye aliyemwomba amtengenezee bahasha ya pesa za zawadi. Chizuru alikaa Jumapili nzima. Aliizungushia tepe nyembamba za dhahabu na nyekundu, akazisokota, akazifunga fundo la kipepeo, zuri mpaka mwenyewe akalipiga picha. Baada ya wiki Kaname alirudi na uso wa msiba. Mama amekasirika. Mama amesema fundo la kipepeo hufunguka kwa kuvutwa ncha, hilo ni la kumpongeza aliyejifungua. Harusi hufungwa fundo lisilofunguka. Mama amesema anayefunga harusi za watu kwa utepe wa kubanduka, ndoa yake nayo itabanduka.

Chizuru alilia siku mbili. Kosa lilikuwa lake, alilijua hilo fundo tangu utotoni na uzuri ulimpofusha. Lakini maneno yale!

"Mlango wa sita uache kwanza," Bi Fusae alisema. "Huo naupenda."

Chizuru aliugeuza. Mlango wa sita ulikuwa na matundu kumi na kitu, na kila tundu lilizibwa kwa kiraka kilichokatwa umbo la ua la petali tano, kama wafanyavyo kina mama wote wasiotaka kubandika mlango mzima katikati ya mwaka. Lakini viraka hivi havikuwa vya karatasi nyeupe. Vilikuwa vya utepe. Na kwenye petali, wadogo kama punje, walitembea kware.

Sponji ilimdondoka.

"Mama, hizi umezitoa wapi?"

"Si zako? Kaname huniletea. Mwaka wa tatu huu." Bi Fusae alimenya chenza kwa mkono mmoja na meno. "Jikoni nimebandika mitungi, kabati la dawa nimebandika, hata mashine ya kushonea nimeivalisha. Nikamwambia Kaname, huyu mtu anayenipa vitu miaka yote, mbona haji tukanywa chai kama watu? Akasema hutaki mazoea."

"Sitaki nini?"

"Mazoea. Na ndoa ndiyo hutaki kabisa, kwamba umeshasema wewe ni mtu wa kazi na uhuru wako, na nikikulazimisha nitakufukuza. Nikasema haya, dunia imebadilika, kila mtu na lake." Alitupa ganda la chenza ndani ya ndoo. "Ila nilishangaa. Mtu asiyetaka mazoea hakati utepe wa kware akaupeleka kwa mama wa watu."

Chizuru aliokota sponji, akaikamua.

"Mama. Mimi niliambiwa wewe ndiye hutaki."

"Mimi nisitake nini?"

"Mimi. Kwamba nimemzidi miaka miwili."

"Mimi nilimzidi baba yake mitatu! Na aliniheshimu mpaka anakufa!"

"Kwamba mikono ya kiwandani haishiki nyumba."

"Nani kasema? Mimi nilikaa kiwanda cha sare za shule kabla hujazaliwa!"

"Na bahasha yangu ya harusi uliitupa. Ukasema ndoa yangu itabanduka."

Bi Fusae aliweka chenza kizingitini. Halafu aliinuka, polepole, akaingia ndani, na Chizuru akamsikia akivuta droo. Alirudi na bahasha mkononi. Dhahabu na nyekundu, kipepeo chake kimesimama vilevile, hakijaguswa bawa.

"Niliikuta chini ya kiti cha gari lake mwezi wa sita, chini ya brashi," alisema. "Nilifikiri ni pambo la kazi ya mtu. Ni zuri mno, nikaliweka droo ya madhabahu ya marehemu mume wangu. Hili ndilo la harusi ya Shiho?"

"Ndilo."

"Mwanangu, kipepeo si cha harusi."

"Najua, mama."

"Ungeniletea, ningekuonyesha fundo lenyewe. Dakika mbili. Tungelifungua, tungelifunga." Sauti ilimpanda. "Dakika mbili! Yeye akalificha chini ya kiti na kunivika mimi maneno ya mchawi!"

Wakatazamana. Wanawake wawili, mmoja na sponji, mmoja na plasta, na kati yao miaka saba imelazwa kama samaki aliyeoza ambaye kila mmoja alidhani harufu inatoka kwa mwenzake.

"Anarudi saa ngapi?" Chizuru aliuliza.

"Saa saba na nusu. Ametaka nimwachie tambi."

"Mwachie, mama," Chizuru alisema. "Atahitaji nguvu."

*

Kaname alifika na gari lake la ngazi na ndoo, akaingia akivua viatu na kupiga kelele ya furaha kwamba kazi ya mwaka imekwisha. Alifika sebuleni, akasimama. Mama yake amekaa upande mmoja wa meza fupi, miguu chini ya blanketi lenye joto. Chizuru upande wa pili. Katikati ya meza, bakuli la machenza, bahasha yenye kipepeo, na furushi la zambarau.

Alijikuna shingo.

"Usijikune," walisema wote wawili pamoja.

Akapiga magoti pale pale kwenye mkeka.

Na hapo, kwa hasira yake mwenyewe, Chizuru aliliona doa la rangi nyeupe nyuma ya sikio lake. Moyo ukamruka kama siku ile ya kwanza. Kaname alikuja kupaka rangi fremu za madirisha ya chumba cha kukatia. Alipomaliza, alivuta utepe wa kuzuia rangi kutoka kwenye kioo, polepole, kwa pembe, pumzi ameibana, mstari ukabaki umenyooka kama umechorwa na malaika. Chizuru alitengeneza tepe kila siku na hakuwahi kuona mtu akiutoa utepe kwa mapenzi namna ile. Alikwisha pale pale. Leo doa lile lilimzidishia ghadhabu. Mwanamume anaweza kuwa mpole kwa kioo cha dirisha na katili kwa binadamu!

"Chizu," Kaname alianza, "hujaniambia unakuja."

"Niliambiwa nina mikono."

"Mama, mkono unaendeleaje?"

"Mkono wangu uache. Zungumza kuhusu mdomo wako."

Kaname alimwangalia mama yake, akamwangalia Chizuru, akaiangalia bahasha, na rangi ikamtoka usoni.

"Nilikuwa nataka mwezi ujao..."

"Thubutu!" Chizuru alipiga meza, machenza yakaruka. "Maliza hiyo sentensi uone! Maliza!"

Kaname alidaka chenza lililokuwa linadondoka mezani.

"Miaka saba, Kaname. Nimezikosa harusi za rafiki zangu kwa aibu ya kuulizwa lini zamu yangu. Nimemchukia mama huyu bure. Nilikuwa nikipita sokoni nikimwona kwa mbali, nabadilisha njia! Mama wa watu, anaziba matundu kwa tepe zangu, na mimi namkwepa kwenye foleni ya tofu!"

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unakimbia," Bi Fusae alisema. "Nilidhani una tumbo baya."

"Sababu," Chizuru alisema. "Moja tu. Usinipe kumi."

Kaname alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mizuri, yenye nyufa nyeupe za rangi.

"Niliogopa kuuliza," alisema.

"Kumuuliza nani?"

"Wote. Mama yuko peke yake tangu baba afariki. Nikaona nikikuoa, ama nakuleta hapa ukakae na mkwe, ama namwacha. Nikajua wewe hutakubali la kwanza, mama hatakubali la pili. Basi nikawa..." Akaigeuza ile bahasha. "Nikawa nakujibia wewe kwa mama, na namjibia mama kwako. Ili msigombane."

"Ukatugombanisha bila sisi kuwapo."

"Sikukusudia. Lile la bahasha, niliona kosa la fundo, nikashindwa kukwambia mwenyewe. Nikanunua nyingine ya dukani. Nikaona ukisikia kwa mama, utamkasirikia mama, si mimi."

Hata Kaname alionekana kushtuka kuyasikia kwa sauti.

"Na nani," Bi Fusae aliuliza taratibu, taratibu ya kutisha, "nani alikwambia kwamba mimi nataka kukaa na wewe?"

"Mama?"

"Miaka sita nasubiri utoke kwenye chumba kile! Kina mwanga wa asubuhi! Cherehani yangu iko kwenye korido kama mpangaji! Nimepima meza ya kukatia vitambaa, nimepima mpaka mapazia, nasubiri mtoto aoe aende zake, yeye yupo, anakula tambi, eti ananihurumia!"

Ingekuwa siku nyingine Chizuru angecheka. Alicheka kidogo, ndani, na kicheko kikageuka chozi, na chozi likamkera zaidi. Akafungua furushi.

Shajara saba zilipangwa juu ya meza, mgongo kwa mgongo, zimevimba kwa tepe.

"Wewe ni fundi rangi," alisema. "Utepe wa kuzuia rangi hubanduliwa lini?"

"Kabla rangi haijakauka."

"Ukiuacha?"

"Unashika. Ukiuvuta unatoka na rangi. Gundi inabaki." Alijibu kama mwanafunzi, halafu akaelewa anachojibu, na sauti ikazama. "Chizu."

"Huu umekauka miaka saba. Wewe uliyeuacha, utautoaje?"

Kaname alifungua shajara ya kwanza. Bluu, Januari. Bluu, Februari. Akafungua ya pili, ya tatu. Alipofika ya tano akaifunga.

"Unaupasha joto kidogo," alisema kwa shida. "Unainua ncha. Unavuta polepole, kwa pembe. Ukiharakisha unachana."

"Mama, una draya ya nywele?"

"Ninayo," alisema Bi Fusae, ameshainuka.

"Basi vua koti. Ziko themanini na tatu. Toa moja moja, na usome kwa sauti kilichoandikwa chini. Mimi na mama tunabandika milango."

*

Hivyo ndivyo mchana ule ulivyopita katika nyumba ile. Uani, wanawake wawili walipaka gundi ya wanga kwenye fito na kutandaza karatasi mpya, mmoja akishika roli kwa mkono wa kushoto, mwingine akilaza na kukata. Ndani, draya ilivuma, ikanyamaza, na sauti ya mwanamume ikatoka.

"Tarehe tisa Machi, saa mbili usiku, nje ya kituo cha treni. 'Mwezi ujao, mama akipona mafua, nitazungumza naye.'"

"Sikuwa na mafua!" Bi Fusae alipaza sauti.

Draya. Kimya.

"Tarehe ishirini Agosti, kwenye gari. 'Mwezi ujao. Sasa ni joto, mama hapendi maongezi wakati wa joto.'"

"Napenda maongezi mwaka mzima!"

"Tarehe mbili Novemba, chini ya mti wa majani ya rangi ya shaba, baada ya..."

"Soma," Chizuru alisema bila kugeuka, masikio yamepata moto.

"Baada ya kunibusu. 'Mwezi ujao, naapa.'"

"Hilo nisingependa kulisikia," alisema Bi Fusae, na akaomba brashi.

Kufikia ya arobaini sauti ya Kaname ilikuwa imekauka. Kufikia ya sitini ilikuwa haijitetei tena. Ilisoma tu, kama mtu anayesomewa kesi na kugundua kwamba mwandishi wa kesi ni mdomo wake. Chizuru alisikiliza kila moja. Alizikumbuka zote kabla Kaname hajafika kwenye nukta. Ajabu ni kwamba kila ulipotoka utepe, kitu fulani kifuani mwake kilishuka ngazi moja. Hakikuisha. Kilishuka.

Saa tisa na dakika arobaini alifuta mikono, akaingia ndani, akachukua simu. Kaname alizima draya.

"Unampigia nani?"

"Meneja. Kanazawa wanafungua duka. Wananitaka, kuanzia Aprili."

"Kanazawa?" Alishika meza. "Chizu, ngoja. Tulizungumze. Nipe tu mpaka..."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akafunga mdomo.

Chizuru alimwangalia. Macho ya Kaname yalikuwa mekundu, kwa draya au kwa jingine. Alimpenda mtu huyu. Hiyo ndiyo kero yenyewe. Angekuwa hampendi, shajara zingetosha mbili. Lakini mwanamke hakai Kurashiki miaka mingine saba akisubiri mwezi ujao uje.

Akapiga. "Meneja Hirukawa? Chizuru hapa. Ndiyo. Nakwenda." Akasikiliza. "Hapana, sihitaji kufikiria. Nimeshafikiria vya kutosha. Mwaka mwema."

Akakata. Uani Bi Fusae alikuwa ameacha kupaka gundi.

"Zimebaki ngapi?" Chizuru aliuliza.

"Moja," Kaname alisema. "Ya leo."

Hakuwasha draya. Aliinua ncha kwa ukucha na kuvuta, na labda ni haraka, labda ni mkono uliochoka, yeye aliyetoa themanini na mbili bila kuacha alama, ile ya mwisho aliichana. Utepe ulitoka na karatasi. Palipotakiwa kuwa na maneno pakabaki tundu, na kupitia tundu ikaonekana meza.

"Kulikuwa kumeandikwa nini?" aliuliza kwa hofu.

"Hakuna. Niliacha wazi. Nilitaka uandike mwenyewe, kwa mkono wako." Chizuru alitupa mikono juu. "Themanini na mbili zote safi! Ile moja yenye maana ndiyo unaichana! Kaname, wewe mtu gani?"

Kaname aliweka shajara chini. Aliinuka, akatoka uani, akaokota kipande cha karatasi nyeupe iliyobaki kwenye milango, akakikunja mara tano na kukata kwa mkasi wa mama yake. Kilipofunguka kilikuwa ua la petali tano, limepinda upande mmoja. Alichovya kidole kwenye gundi ya wanga, akarudi, akaziba tundu, akalilaza kwa kiganja. Hakumtazama mama yake. Hakuuliza. Alichukua kalamu akaandika juu ya ua, na wino ukasambaa kidogo kwa sababu gundi ilikuwa mbichi:

*Aprili nakwenda naye Kanazawa. Huko nako kuna kuta.*

Chizuru alisoma. Akasoma tena, akitafuta mahali palipojificha neno "mwezi ujao". Halikuwapo.

"Na fomu ya ndoa?" aliuliza. Sauti yake haikuwa imara kama alivyotaka.

"Tutaipeleka manispaa. Tarehe nne Januari, wakifungua..."

"Dirisha la walinzi hupokea fomu hata sikukuu!" Chizuru na Bi Fusae walipiga kelele kwa pumzi moja, na mbwa wa jirani akabweka.

Chizuru alivuta mfuko wa nyuma wa shajara ya tatu. Fomu ilikuwa humo, imekunjwa mara nne, upande wa mwanamke umeshajazwa, kwa wino uliofifia wa miaka minne iliyopita. Kaname aliiangalia, na hapo hatimaye akalia, kimya, begani mwa shati lake mwenyewe.

"Utalia njiani," Chizuru alisema, lakini alimfuta rangi nyuma ya sikio kwa kidole gumba, na kidole hakikuwa na haraka ya kuondoka. "Jaza."

Akajaza. Bi Fusae akasaini ushahidi kwa mkono wa kushoto, herufi zikayumba kama walevi wanaorudi nyumbani, na akasema shahidi wa pili wampitie muuza tofu, bado yuko dukani, na hana haya, atafurahi.

"Kumbe mlango wa sita haujabandikwa," Kaname alisema akivaa viatu. "Nikirudi nitaumalizia."

"Mlango wa sita hauguswi," alisema mama yake. "Wewe ukirudi, anza kutoa vitu vyako kwenye chumba kile."

Alibaki peke yake kwenye kizingiti, akawasikiliza wakigombana mpaka kwenye gari kuhusu nani ashike fomu. Aliishika Chizuru. Bi Fusae akarudi ndani, akaichukua ile bahasha ya dhahabu na nyekundu, akavuta ncha moja ya kipepeo kwa meno, fundo likafunguka bila ubishi. Alikaa chini, plasta juu ya goti, akaanza kulifunga upya, kwa mkono mmoja na meno, lile fundo lisilofunguka. Lilimchukua zaidi ya dakika mbili.